Siku Shangazi Alipovaa Galaksi Zangu

"Hivi huyu mama, alipokuwa anakipeleka kitambaa kwa fundi, hakusoma kilichoandikwa?"

Swali hilo niliulizwa mbele ya ukumbi mzima pale Musoma, na aliyeuliza ndiye aliyekuwa ameshikilia miaka yangu miwili ijayo, na mimi ambaye tangu darasa la kwanza sijawahi kukosa la kusema nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaufungua tena kama sato aliyetolewa majini, jibu hakuna. Nakiri mapema, kabla hamjasikia habari hii kwa binamu zangu (ambao wameshaongeza chumvi, mara eti nililia, mara eti nilipiga magoti, uongo mtupu, nilikaa chini tu), kwamba siku ile niliaibika aibu ya kushonwa, yenye pindo na mikono ya puto.

Kwa wasionifahamu, kazi yangu ni galaksi. Nikisema hivyo mtaani kwetu watu wananiuliza kama nabadilisha na vioo vya simu, kwa hiyo nieleze kidogo. Jua letu ni nyota moja. Nyota zikiwa mabilioni, pamoja na gesi na vumbi, zikashikiliwa pamoja na uvutano, hiyo ndiyo galaksi, na galaksi nyingine ziko mbali kiasi kwamba mwanga wake unaotufikia leo ulianza safari kabla dunia haijakuwepo, maana yake ukitazama picha ya galaksi ya mbali sana unaiona ilivyokuwa utotoni, siyo ilivyo sasa. (Jambo hili nililipinga kwa muhula mzima nilipofundishwa chuoni. Baadaye nikakaa chini nikapiga hesabu mwenyewe, nikanyamaza.) Picha hizo zinapigwa na darubini zilizoko huko juu angani na zinawekwa mtandaoni, anayetaka anachukua, na mimi nilikuwa nazichukua nikiwa chumbani kwangu Musoma, napima rangi. Galaksi inayoendelea kuzaa nyota inaelekea kwenye bluu, iliyoacha inaelekea kwenye wekundu, na kilichokuwa kinaninyima usingizi ni hiki: kwa nini nyingine zinaacha kuzaa nyota mapema, bado changa kabisa, wakati jirani zao zinaendelea? Ni ukubwa wao wenyewe unaoziponza, au ni kujiunga na kundi la galaksi nyingine, gesi yao ikaporwa wakati wa kuingia?

Sasa shangazi yangu. Ni dada yake baba, anaitwa Mama Neema, anakaa Bunda, na ndiye niliyekaa kwake nilipokuwa nasoma sekondari. Hajawahi kuniita Nyamisi. Ananiita Kwanini, kwa sababu nilipofika kwake mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini maziwa yakichemka yanafurika na maji hayafuriki hivyo, naye akiwa anapuliza moto akaniambia, "Wewe mtoto unaulizaga kama umelipwa." Tulipendana sana na tuligombana juu ya kitu kimoja tu, nacho ni sare. Mimi sare za shughuli sizielewi. Kwa nini wanawake wazima wenye akili zao wavae kitambaa kimoja kama timu ya mpira? Nani alianzisha? Anayekuja na gauni lake la kawaida anapungukiwa nini? Shangazi hakuwahi kunijibu. Kila shughuli alinikatia kipande changu, na kila shughuli nilitokea na suruali yangu ya jinzi, kipande kikabaki kwenye sanduku lake.

Basi ikatokea chuo fulani kinatafuta mtu mmoja wa kanda yetu aende kusomea shahada ya uzamili ya fizikia ya anga, ada imelipwa, na chakula kimelipwa. Tukachujwa tukabaki watatu, tukaambiwa tuje kwenye ukumbi mmoja Musoma siku ya Jumamosi, kila mmoja na bango la utafiti wake, tulieleze mbele ya majaji na wanafunzi wa sekondari walioalikwa. Nikikosa, baba alishanitafutia kazi duka la vifaa vya ujenzi la rafiki yake, misumari na mabati, naanza Jumatatu. Siyo kazi mbaya, ila niliwahi kwenda pale kuangalia, nikauliza kwa nini mabati ya rangi tofauti yana bei tofauti, mwenye duka akanitazama kwa muda mrefu.

Uamuzi mdogo ulioniponza ni huu hapa: nikaamua bango langu lichapwe kwenye kitambaa. Rafiki yangu mmoja aliwahi kusafiri na bango la karatasi toka Mwanza, akaliweka juu kwenye kichanja cha basi, na jirani yake akaweka pale pale ndoo ya samaki wenye barafu, barafu ikayeyuka, na utafiti wa miaka mitatu ukafika unanuka sangara. Mimi nikajiona mjanja. Nikachapisha Mwanza kwenye kitambaa kizuri kinachoteleza, kikubwa kama shuka, cheusi tii, juu yake galaksi maelfu kwa maelfu kama vidoa vya dhahabu na bluu, katikati galaksi moja kubwa imejizungusha kama kimbunga, chini yake grafu yangu, na juu maandishi ya njano: KWA NINI GALAKSI HUACHA KUZAA NYOTA. Chini ya hapo jina langu, kwa herufi nyeupe. Nilipoliona dukani nililipigapiga kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Na wiki hiyo hiyo (haya mambo hayajagi peke yake) Neema, binti wa shangazi, alikuwa analetewa mahari, Jumamosi ile ile, mchana, Butiama, nyumbani kwa ukoo wa baba yake. Shangazi akaniagiza nikiwa Mwanza nimchukulie mzigo wa vitenge vya sare. Nikauchukua, na bango langu nikalikunja vizuri nikalitia humo humo kwenye mfuko wa vitenge ili lisichafuke, nikafika Bunda jioni, nikala, nikalala, alfajiri nikaamka naenda Musoma kujiandaa. Umeme ulikuwa umekatika. Nikapapasa mfukoni, nikahisi kitambaa kinachoteleza kimekunjwa mraba, nikakitia kwenye begi langu, nikaondoka. Sikukikunjua. Siku mbili nzima pale Musoma sikukikunjua, kwa sababu mwenye duka la mabango alisema kisikunjuliwekunjuliwe, rangi itakwaruzika, na mimi ambaye namhoji hadi mchungaji, neno la muuza mabango nililipokea kama amri kumi.

Jumamosi nikaingia ukumbini nimevaa koti la kuazima. Washindani wangu wawili walishabandika mabango yao ya karatasi, na mimi nikawatazama kwa huruma, nikapanda kwenye kiti, nikakikunjua kitambaa kwa mbwembwe huku nimeshageukia watu, nikakibana ubaoni kwa vibanio bila hata kukiangalia, maana nilitaka majaji waone macho yangu yalivyojaa elimu.

"Hapa nyuma yangu," nikasema, "mnaona galaksi jinsi zilivyokuwa utotoni."

Wanafunzi wakaanza kucheka. Nikadhani ni furaha ya sayansi. Nikaendelea, nikanyoosha mkono nyuma, nikasema zile zenye wekundu ndizo zilizochoka, na hapo msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha kidole kwa adabu zote.

"Samahani, dada. Hizo zinataga?"

Nikageuka. Majogoo. Kitenge cha kijani chenye majogoo mekundu, safu kwa safu, kila jogoo ameinua mguu mmoja kama anayeogopa kukanyaga tope.

Mwenyekiti wa majaji alikuwa profesa mmoja mama wa makamo, sauti ya upole na maswali ya kisu, akaniambia bila kucheka (hilo nitamshukuru hadi kufa) kwamba wataanza na wenzangu, mimi nitakuwa wa mwisho, nikatafute bango langu. Nikatoka nje mbio nikampigia shangazi. Nyuma ya sauti yake nilisikia wanawake wanaimba, na gari la Noah linanguruma.

"Shangazi, kulikuwa na kitambaa cheusi kwenye ule mfuko..."

"Asante, mwanangu," akasema. "Nilikiona."

Sikuelewa asante ni ya nini na sikuwa na muda wa kuuliza. "Kiko wapi sasa hivi?"

"Kiko mwilini."

Nikaegemea ukuta. Nikamuuliza mwilini kivipi, amejifunga au, akaniambia kimeshonwa, gauni, na mikono ya puto, kwani sisi huko chuo vitambaa tunavifanyaga nini. Basi nikamweleza, kwa pumzi moja, kwamba kile siyo kitenge, ni bango langu, ndiyo utafiti wenyewe, majaji wako ndani, na Jumatatu naenda kuuza misumari.  Wimbo kwenye gari ukakoma, nadhani aliwanyamazisha kwa mkono.

"Kilikuwa cha kazi?" akauliza, polepole sana.

"Cha kazi, shangazi. Ya leo."

Akavuta pumzi. Kisha nikasikia anasema pembeni ya simu, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe: "Dereva, hapa Makutano usikate kwenda Butiama. Nyoosha Musoma." Wanawake wakaguta wote kwa pamoja, na walikuwa na haki, kwa sababu kwenye ukoo wa mume wa shangazi ng'ombe wa mahari hawaingizwi zizini mpaka mama wa binti asimame langoni awaone kwa macho yake, na wakati huo ng'ombe walishapakiwa kwenye lori la fuso, wako njiani. Mama asipokuwepo, wageni wanasimama nje na ng'ombe wao juani, na wageni wa mahari wakisimama juani wanaanza kukumbuka dosari za binti. Nikamwambia shangazi aache, aende zake. Akakata simu.

Washindani wangu walieleza vizuri, nasikia. Mimi sikusikia kitu. Wa pili alikuwa anamalizia shukrani zake, mara mlangoni pakalia vigelegele, na wakaingia wanawake wa Bunda wamejipanga, majogoo matupu, majogoo kifuani, majogoo kichwani, na wanafunzi walipoona ndege ni wale wale wa ubaoni wakashindwa kujizuia, ukumbi ukapasuka. Katikati yao shangazi yangu. Jamani. Niseme kweli, gauni lilikuwa zuri kuliko bango. Ile galaksi kubwa ilikuwa imekaa tumboni na kila akipumua inazunguka, mikono imejaa galaksi changa, pindo la chini limerembwa kwa marejeo yangu yote ya kitaaluma yaliyokunjwa vimarinda. Fundi alikuwa amekata anavyojua yeye: kichwa cha habari kimepelekwa mgongoni, grafu imepasuliwa ubavuni, hitimisho sikuliona kabisa. Kitu kimoja tu kilibaki kizima bila mkunjo wala mshono, nacho ni jina langu, limenyooka kifuani upande wa kushoto kama beji. Nikaona ni bahati.

Shangazi akawasalimu majaji, akaenda moja kwa moja ubaoni, akasimama mbele ya majogoo, mikono kando, uso mbele, kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Haya, Kwanini," akasema. "Soma."

Sasa utafanyaje? Nikashika fimbo ya kuonyeshea. Nikaanza na tumbo, nikaeleza nyota zinavyozaliwa kwenye mikono ya galaksi, hapo sawa. Nikasema matokeo yangu yanaonyesha, nikatafuta matokeo, na matokeo yalikuwa kwapani.

"Shangazi, naomba uinue mkono wa kushoto."

Akainua. Mstari wangu, ule niliouhangaikia mwaka mzima, ulianzia kwapani ukashuka ubavuni mpaka kiunoni, na pale penye kona muhimu kuliko zote, pale galaksi zinapoanza kuacha kuzaa, fundi alikuwa ameweka zipu. Jaji mmoja, bwana mwembamba wa miwani, akasogea akainama ili asome namba za mhimili.

"Baba, soma kwa macho," shangazi akamwambia. "Usiguseguse."

Akarudi nyuma kama aliyechomwa na pasi, akauliza akiwa mbali mhimili unaanzia ngapi, nikasema namba zimeingia kwenye mshono. Akauliza vipimo. Vimekuwa mfuko, nikasema, na shangazi kwa kutaka kunisaidia akautoa mfuko nje, ukatoka na vipimo, leso na pipi mbili. Profesa akajifuta machozi, akauliza kwa ile sauti yake ya upole:

"Na hitimisho, binti, liko wapi?"

Nikamzunguka shangazi kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Shangazi akageuza shingo.

"Kama ni yale maandishi madogo ya mwisho," akasema, "nimeyakalia tangu Bunda."

Ndipo nilipokaa chini, ile niliyowaambia. Nilikaa kwenye ukingo wa jukwaa nikatazama sakafu, nikaona misumari, mabati, gundi ya mbao. Halafu nikaona viatu vya wale wanawake, wamesimama wamebanana katikati na wengine wamejitenga pembeni, na sijui ni kukata tamaa au ni nini, nikasimama nikasema sawa, grafu hamna, tuwatumie mama zangu hawa. Nikawaomba wawe galaksi. Nikawapa wanafunzi zile pipi mbili, leso, chaki, karatasi, chochote kilichokuwepo, wawagawie kina mama, nikasema hiyo ndiyo gesi, galaksi ikiwa nayo inazaa nyota. Nikawaambia wa pembeni watembee polepole wakiwa peke yao, wakatembea na gesi yao mkononi. Kisha nikawaambia waingie kwenye kundi kwa kasi, na wale wa kundini wawapokonye wanapopita. (Maskini, sikujua nimewaambia kina nani. Mama mmoja alipokonywa hadi kilemba.) Wakaingia wanacheka, wakatokea upande wa pili mikono mitupu, nikasema mnaona, bado changa, wamefika tu, na wameishiwa cha kuzalia. Wale wakubwa sana ndio wanaweza kuacha wenyewe bila kuporwa, lakini hawa wadogo wananionyesha kwamba kundi ndilo lililowamaliza. Hilo ndilo nililolikuta kwenye picha. Na nikasema pia nisilolijua: kama aliyeporwa anaweza kupata gesi nyingine akaanza upya, sijui, na ndiyo maana nataka kwenda kusoma.

Wakapiga makofi. Profesa akaandika kitu. Na wakati nashusha pumzi ndipo akamtazama shangazi toka kilemba hadi pindo, akaniuliza lile swali, hakusoma kilichoandikwa? Nikabaki sato, kama nilivyowaambia. Moyoni nilishajijibu, na jibu lenyewe siyo la kujivunia. Nilijiambia kanga zina maandishi, vitenge vya kanisa vina picha za watu, mama wa binti kwa desturi yetu havai sare ya wengine bali ya kwake pekee, ameona kipande kimoja cha tofauti akajua ndicho cha kwake, na kuhusu kusoma, ni mama wa pamba na ng'ombe, atasomaje? Hayo nisingeweza kuyasema mbele yake. Akanijibia mwenyewe.

"Macho, mama," akamwambia profesa. "Siku hizi maandishi hayanifikii."

Simu yake ikalia hapo hapo. Mumewe, toka Butiama: fuso imefika. Tukatoka ukumbini mbio, mimi nikiwemo, maana shangazi alichomoa majogoo ubaoni akanirushia, akasema jifunge, unaenda na sisi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza kwa nini.

Tulifika Butiama tukakuta wageni wamesimama juani kweli, kimya cha watu wanaokumbuka dosari. Shangazi akashuka kabla gari halijasimama vizuri. Toka kule barabarani, ng'ombe bado wako upande wa pili wa uwanja, akanyoosha kidole. "Yule mwekundu wa nyuma, jicho lake la kulia lina ukungu." Vijana wakaenda kuangalia, wakakuta kweli, na aibu ikahama ikaenda kwa wageni, wakaanza wao kuomba radhi, ng'ombe atabadilishwa, na kuchelewa kwetu kukasahaulika. Nikaanza kujiona nimepona. Ndipo shangazi akageuka kuwaongoza zizini, akawapa mgongo.

Mshenga wao mkuu, babu mmoja mrefu, alikuwa msomaji. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mgongo wa mama wa bibi harusi mtarajiwa: "Kwa nini... galaksi... huacha kuzaa." Neno nyota lilikuwa limeliwa na mshono wa kiuno.

 Wageni wakatazamana. Neema, aliyekuwa anachungulia dirishani, akajifunika uso kwa pazia.

"Hawa Galaksi," babu akauliza, "ni ukoo wa upande wenu? Na waliacha kuzaa lini?"

Kwa hiyo nikaeleza utafiti wangu mara ya pili siku ile, nimesimama kwenye samadi, nimejifunga majogoo, safari hii nikiwatumia ng'ombe, na sijawahi kueleza kwa makini hivyo wala kuogopa hivyo, kwa sababu kwenye ukumbi nilikuwa nahatarisha maisha yangu mwenyewe, pale ni ya Neema. Nikasema ni nyota hizo, babu, siyo watu. Nikasema zinaacha kwa sababu zinapoingia kwenye kundi kubwa zinaporwa zilichokuja nacho. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Basi sisi binti akija hatutampora kitu," akasema, na vigelegele vikapigwa, na zizi likafunguliwa.

Nafasi nilipata. Profesa alinipigia Jumapili, akasema mtu anayeweza kueleza kazi yake bila grafu, bila namba na bila hitimisho, huyo anaielewa. Ila majaji wenzake wawili wameweka sharti, bango langu lijalo liwe la karatasi. Nikakubali kabla hajamaliza. Na mimi kwa upande wangu niliapa, na kiapo nimekishika mpaka leo: kitambaa chochote ninachosafiri nacho nakikunjua kabla sijatoka mlangoni, hata kikiwa taulo. Kuna mahoteli wananishangaa. Na kwamba mtu akiniambia asante nisiyoielewa, nauliza hapo hapo.

Hilo la mwisho nililiongeza baadaye. Nilikuwa nimeshamaliza shahada, na Neema ana mtoto wa pili, tunaongea kwenye simu tunacheka habari ya jaji na kwapa, nikamwambia ila mama yako naye, macho mabovu vile si angevaa miwani. Neema akauliza macho gani. Mama anatunga uzi kwenye sindano usiku kwa kibatari, akasema. Kisha akasema mama aliwakatazaga wasiniambie.

Alikisoma chote, usiku ule ule, yeye na Neema, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye jina alisema Kwanini hatimaye ameleta sare yake, ameichapisha mwenyewe na kuificha kwenye mfuko ili yeye aikute. Asubuhi akaenda sokoni Bunda, akamwekea fundi kitambaa mezani, akamwambia akate anavyotaka, popote anapotaka, ila mkasi usipite kwenye lile jina.